Picha Iliyoogeshwa

Siku mchoraji alipofika kwenye kambi ya wakimbizi nje ya Goma, Uwitonze alikuwa amechutama mbele ya kibanda chake cha maturubai, akipima maji kwa kiwiko. Maji ya kumwogesha mtoto hayapimwi kwa kidole, kwa sababu vidole vya mama vimeshazoea moto na hudanganya. Mwanawe Igiraneza, wa miaka sita, alikuwa ametoka kusukuma chukudu yake ya kuchezea, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, kwenye vumbi jeusi la volkano, na vumbi lilikuwa limempanda kuanzia nyayo hadi kope. Alivaa shati la kuchezea, lenye kola iliyoachia upande mmoja. La Jumapili lilikuwa ndani, limelaliwa na godoro ili lijinyooshe.

Mchoraji aliitwa Rodrigue, mtu wa Butembo, ambaye alikuwa akichora vichwa vya wanawake kwenye vibao vya saluni mpaka mashirika yalipomwambia kwamba yeye ni msanii. Alifuatana na Madame Olive, msemaji wa shirika moja lililotaka picha ya mtoto mkimbizi kwa ajili ya maonyesho, kwanza Goma, kisha Ulaya. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wa namna hii walikuwa wamekuja wengi na mwenyeji alikuwa bado hajapona, lakini Uwitonze aliwapa kibao wakae.

"Mama Igiraneza, sogeza kidogo ile beseni," alisema Madame Olive. "Inaharibu picha."

"Niko namuogesha mutoto."

"Utamuogesha kiisha. Na wewe pia sogea kidogo, mama. Tunataka mutoto tu."

Uwitonze akasogea na beseni lake. Rodrigue alichora alichowekewa mbele ya macho: vumbi, kola, na kamasi iliyokuwa imefika nusu ya safari. Walipoondoka, Igiraneza aliogeshwa, akapakwa mafuta, akala maharage. Hayo hakuna aliyeyachora.

Picha ilikamilika, na ilikuwa nzuri kweli. Shirika likaichapa kwenye mabango na kalenda, ikaingia magazetini, ikaanza kutembea kwenye simu za watu. Ikavuka Rutshuru, ikafika Kiwanja, ikatua kwenye simu ya mchungaji, naye mchungaji akamwonyesha Mukabalisa, muuza maharage sokoni, akidhani anamfurahisha. Mukabalisa alikuwa mama mkwe wa Uwitonze. Alipiga simu papo hapo.

"Nimemuona mutoto wa mwanangu kwa telefone ya muchungaji. Kamasi iko hapa, kwa mudomo. Haumuogeshaka?"

"Mama, maji ilikuwa tayari. Walisema nisogeze beseni."

"Mimi sioni beseni. Naona mutoto mwenye hana mutu. Jumapili nakuja kumuchukua."

Havikuwa vitisho vya bure. Mtoto ni wa ukoo wa baba, na baba mwenyewe, Havugimana, alikuwa Vitshumbi akivua samaki na kuahidi kutuma salamu. Mukabalisa akisema Jumapili hamaanishi Jumatatu. Uwitonze aliogopa. Alikuwa ametembea na mtoto huyo mgongoni tangu Rutshuru, huku nyuma mizinga ikilia, na hakuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya kamasi.

Basi akachukua beseni, sabuni, mafuta na lile shati la Jumapili, akapanda pikipiki hadi mtaa wa Katindo mjini, kwenye chumba cha kazi cha Rodrigue. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Nimekuja kumuogesha mutoto," alisema.

Rodrigue alikuwa akisugua brashi. Aliitazama picha, akamtazama mama.

"Sawa. Lakini usimwage maji kwa karatasi zangu," akasema.

Uwitonze alianza na uso, kama kawaida. Vumbi likaachia. Rangi haikutoka, kwa kuwa ilikuwa imekauka na haikuwa na kosa. Mtoto wa pichani alifumba macho na kubana midomo, maana sabuni ni sabuni. Alipofika shingoni, alilazimika kumkaripia atulie. Maji ya kwanza yalipokuwa meusi, Rodrigue alitoka kutafuta bidoni nyingine ya maji, akinung'unika, kwa kuwa Goma, mji ulioweka miguu yake ziwani, maji hununuliwa kana kwamba yametoka mbali.

Baada ya kumpangusa, alimpaka mafuta hadi paji la uso likang'aa. Kisha akamvua shati bovu na kumpa la Jumapili. Mtoto aliinua mikono mwenyewe, ule wa kulia kwanza. Shati likaingia pichani na halikutoka tena, na tangu hapo Igiraneza yule mwingine, wa kambini, huenda kanisani na shati la kuazima.

"Kola imekaa muzuri," alisema Rodrigue, aliyekuwa mtu wa haki.

Saa ileile mtoto alitakata kwenye mabango yote, kwenye kalenda zote, na kwenye simu ya mchungaji. Madame Olive alifika kesho yake, amekasirika kwa adabu.

"Rodrigue, huyu si mutoto wenye tulikubaliana. Babailleurs, wafadhili wetu, banapiga simu. Banauliza kama vita ilishaisha."

"Vita haiyaisha," alisema Rodrigue. "Ni mutoto njo ameoga."

"Umurudishie vumbi."

Rodrigue alijaribu, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi na shirika lilikuwa halijamaliza kumlipa. Alichanganya nyeusi na kahawia, akapaka shavuni. Mtoto akajifuta kwa kiganja. Akapaka tena, mtoto akageuza uso. Mara ya tatu mtoto aliifunika pua yake kwa mikono miwili, na Rodrigue akaweka brashi chini, akasema kwamba yeye pia alilelewa na mama.

Wafadhili walikuwa wameshalipia ukumbi, hivyo picha ikatundikwa hivyohivyo. Madame Olive, ambaye hakuwa mtu mbaya bali mtu mwenye wakubwa, alisema lisilowezekana kuchorwa linaweza kuandikwa. Chini ya picha kukabandikwa kibao cha plastiki chenye maneno yaliyotumwa kwa simu kutoka Ulaya: *Enfant seul, Goma*. Uwitonze, aliyefika darasa la sita, alisoma akaelewa: mtoto aliye peke yake. Akachovya kitambaa, akasugua. Akaongeza sabuni. Vumbi la volkano lilikuwa limetoka, lakini maneno mawili ya Kifaransa hayakukwaruzika hata kidogo.

Mukabalisa alishuka kutoka kwenye basi la Kiwanja Jumapili, amejifunga kitenge cha safari, na begi tupu mkononi kwa ajili ya nguo za mjukuu. Aliwakuta wote ukumbini, kwenye ufunguzi wa maonyesho. Igiraneza alimkimbilia, akakumbatiwa upesi, akawekwa kando. Kilichomleta bibi huyu kilikuwa ukutani.

Aliisogelea picha. Alikagua kucha. Alilikunja sikio la mtoto wa pichani, akachungulia nyuma yake, mahali ambapo mama wavivu hukamatwa, kisha akalikunjua. Uwitonze alikuwa ameushika mkono wa mwanawe kwa nguvu hata mtoto akalalamika.

"Ameoga," alisema Mukabalisa hatimaye. "Na hapa chini banaandika nini?"

Uwitonze alimtazama Rodrigue. Hakuwahi kumdanganya mama mkwe wake, na huu haukuwa wakati mzuri wa kuanza. Madame Olive alikumbuka kwamba ana simu ya kupiga. Rodrigue akakohoa.

"Banaandika jina ya mutoto, mama. Na jina ya mama yake. Na ya wewe mwenyewe, na Kiwanja yenu."

Mukabalisa aliyatazama yale maneno mawili.

"Yote hiyo, na iko fupi hivi?"

"Kifaransa kinakamuaka maneno, mama."

Bibi akakubali, kwa kuwa siku zote alikuwa na shaka na lugha hiyo. Aligusa kibao kwa kidole, pale alipodhani jina lake linaanzia, akasimama wima ili kila mtu amwone karibu nalo. Kisha akamwambia Uwitonze, "Mutoto abaki kwako," akaondoka na begi lake tupu. Uwitonze aliketi sakafuni na kulia kwa furaha, na mpiga picha wa gazeti moja akamkimbilia, lakini alipojua ni furaha akafunga kamera.

Picha ilisafirishwa Ulaya, na Rodrigue naye akaalikwa kwa wiki moja. Alipiga simu kutoka huko, akasema kuna baridi, watu ni wengi. Mlinzi wa ukumbi amelalamika kwamba chumba kizima kinanuka sabuni, wakafungua madirisha.

"Na ile maneno ya chini?" aliuliza Uwitonze.

"Ingali pale. Banasoma, kiisha banalia."

"Lakini mutoto banamuona? Ile mafuta kwa uso? Ile shati?"

"Banaona, mama. Banasema iko muzuri sana."

Uwitonze aliihamishia simu sikio la pili.

"Na hakuna mwenye anauliza nani alimuvalisha?"

"Bado, Mama Igiraneza," alisema Rodrigue. "Bado."