Mara ya Mwisho Alikula Wapi

Mpishi alikuwa ananidanganya, na nilijua. Nilikuwa nimemuuliza mara tatu ni nani aliyemtilia tajiri chai, na kila mara alinipa jibu jipya. Nikasogeza kipanya hadi usoni pake kwenye skrini, nikabonyeza. Mlango wa chuo ulifunguliwa nyuma yangu, na kaka yangu Javan akasema, "Ayuma, niko na maneno kidogo."

"Ngoja nimalize na huyu," nikamwambia. Sikugeuka.

Ilikuwa saa nane mchana, mwaka wa 1997, Buruburu, Nairobi. Nilikuwa karani wa chuo cha kompyuta kilichokuwa juu ya duka la vitambaa. Niliandikisha wanafunzi, nikapanguza mashine vumbi, nikawafundisha kina mama kupiga chapa bila kutazama vidole. Mwenye chuo, Fahim, kijana wa watu wa pwani aliyezaliwa Majengo, alikuwa ameletewa mchezo na binamu yake kutoka Dubai. Tajiri amekufa mezani kwake, ndani ya jumba kubwa, na wewe ndiwe mpelelezi. Humpigi mtu, huruki ukuta. Unauliza tu. Unamchagua mtu, unachagua swali, unasikiliza. Ukisahau kumuuliza mtu swali moja linalostahili, kesi inakufia mikononi na muuaji anakwenda zake.

Msinicheke. Mimi nilikuwa msichana wa Mowlem ambaye hakuna aliyewahi kumjibu swali. Nyumbani niliambiwa nyamaza, shuleni niliambiwa keti chini. Mle ndani ya mashine, mabwana wenye kofia na mabibi wenye lulu shingoni walinijibu kwa heshima, na wakidanganya waliniogopa. Nilinogewa, wacha niseme ukweli. Saa ya chakula ikifika nilikuwa sili.

Javan aliketi kwenye benchi la wanafunzi. Nilimsikia akihema, lakini ngazi za lile jengo zilimhemesha kila mtu. Alifanya kazi kiwanda cha misumari, mtu wa nguvu zake, asiyelalamika hata kidole kikipondwa. Nilimuuliza mtunza bustani maswali manane. Mjane wa tajiri nilimuuliza kumi na moja. Javan nilimuuliza moja, macho yangu yakiwa kwenye skrini: Kanyiva hajambo? Akasema mkewe hajambo. Saa moja na nusu ikapita hivyo. Kisha nikasikia benchi likilia, akasema basi atarudi, nami nikasema sawa.

Alianguka kabla hajafika stegi ya matatu ya Jogoo Road. Wapita njia walimkimbiza hospitali, na kulipokucha hakuwa nasi tena. Karatasi ya daktari ilisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, usaha ukamwagika tumboni. Akiletwa mapema mtu hupona, muuguzi alisema, bila ubaya wowote, huku akitafuta kalamu yake mfukoni.

Sikulia. Watu walinisifu kwamba nina moyo mgumu, ati nimekuwa nguzo ya mama. Nguzo gani! Nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na nilikuwa nangoja maumivu yaje, na hayakuja.

Kwetu kijijini, Butere, mtu hazikwi tu yakaisha. Baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa. Wafiwa wananyolewa nywele uani, halafu yule aliyemwona marehemu mwisho anasimama mbele ya ukoo na kueleza kifo kilivyokuja. Asipoeleza, watu hawaondoki. Fahim alikuwa ameshawaambia jamaa zangu pale hospitalini kwamba Javan alipitia chuoni, kwa hiyo jina langu ndilo lililoitwa. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa kikimetameta, amenielekezea uso. Aliyeuliza ni baba mdogo Opicho, mzee mpole aliyetusomesha sote wawili.

Aliniuliza Javan alikuja kufanya nini kwangu. Nikasema alikuja kunijulia hali. Akauliza kama alionekana mgonjwa. Nikasema la. Nilikuwa natazama ndala zangu. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, kwamba mama asijue mwanawe alikaa nyuma ya mgongo wangu akifa, nami nacheza.

"Mara ya mwisho alikula wapi?" akauliza baba mdogo.

Swali hilo nilikuwa nimelibonyeza mara nyingi kuliko jingine lolote. Na wale mashahidi wa jumbani walikuwa wamenifundisha jambo: uongo mtupu hauaminiki, sharti uwekewe kitu kidogo cha kushikika.

"Alisema ametoka kula kwake," nikasema. "Muthokoi."

Wallahi nilidhani nimetaja chakula tu. Nilikitaja kwa sababu Javan alikipenda, na Jumapili nyingi nilikula naye kwenye meza ile ile. Lakini muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ganda, ni chakula cha Ukambani, na uani pale hakuna aliyekuwa amewahi kukipika. Kanyiva ndiye aliyekuwa Mkamba wa pekee kati ya watu mia moja. Tumbo limepasuka, na chakula cha mgeni kimo ndani yake. Niliona habari ikipita kutoka uso hadi uso, na hakuna aliyehitaji mpelelezi.

Walimwita. Alikuwa amekaa karibu na jikoni, amempakata mtoto wao wa miaka mitatu, na kwa kuwa lugha yetu hakuijua walimrudilia maneno yangu kwa Kiswahili. Alisikiliza hadi mwisho.

"Siku hiyo sikupika," akasema. "Aliamka na tumbo, hata chai ikamshinda. Aliniambia anaenda kwa Ayuma ampeleke hospitali, kwa sababu Ayuma anajua Kiingereza na madaktari watamsikia."

Baba mdogo akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli kaka yangu aliniambia hivyo.

"Hakuniambia," nikasema.

Hilo ndilo jibu la pekee la kweli nililotoa siku ile. Hakuniambia. Sikumpa nafasi ya kuniambia.

Hawakumpiga, nisiwasingizie watu wetu. Walimwambia arudi kwao Kitui, na mtoto abaki kwa kuwa ni wa ukoo. Mimi nilikuwa msomi wa ukoo, niliyekula mshahara wa kukaa mbele ya kompyuta. Yeye aliuza mboga. Aliondoka jua likingali juu, na mfuko mmoja mkononi. Aliponipita hakuniapiza. Alisema tu kwamba mtoto hali vitunguu, nivitoe.

Jumatatu nilirudi kazini. Nikafungua mchezo nilipouachia, nikamshtaki mpishi. Mashine ikasema nimekosea: mpishi alikuwa akiogopa mambo yake mengine, hakuua. Ikaniuliza kama nataka kuanza upya. Nikaanza upya. Nilicheza wiki nzima, sikuhisi kitu, wala huzuni wala raha, hata njaa. Siku ya Ijumaa Fahim alikuja akasimama kando yangu.

"Dada Ayuma, nenda nyumbani ukalie," akasema.

Nikamwambia nitakwenda nikimaliza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka kumi na mitano. Mama alikuwa mzee, kwa hiyo mtoto nilimchukua mimi, nikamlea Mowlem. Aliitwa Asenath, jina la mama yangu. Alikua akijua kwamba mama yake alimlisha baba yake sumu. Sikumwambia mimi, alilisikia kwa binamu zake likizo ya Desemba, akarudi akaniuliza, nami nikamwambia anawe mikono aje kula. Vitunguu nilimtolea miaka yote.

Alipotimiza kumi na minane alileta fomu ya kitambulisho, akaiweka kwenye meza ya jikoni, akaanza kuijaza kwa herufi kubwa. Alipofika jina la mama, akasita.

"Shangazi, niandike lako?" akasema. "Si wewe ndiye umenilea?"

"Andika la mama yako."

"Yule?"

"Hakumuua baba yako," nikasema.

Nikasimama. Nikamweleza jinsi ilivyonipasa kueleza uani siku ile: mpishi wa kwenye skrini, benchi, saa moja na nusu, muthokoi ambao haukupikwa. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na nilijichukia kwa hilo.

Asenath hakulia. Hakunitazama pia. Alikaa ameshika kalamu hadi sufuria ikachemka ikamwagika, nikazima stovu. Kisha akainamia fomu tena na kuandika KANYIVA, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Jina lake la pili?" akauliza.

Nikachukua kitambaa, nikapangusa stovu.

"Kwao Kitui ni sehemu gani, basi? Nitaenda mwenyewe."

Miaka mitano alikuwa mke wa kaka yangu. Nilimtazama yule msichana, kalamu yake ikingoja juu ya karatasi.

"Sijui," nikamwambia. "Sikuwahi kumuuliza."