Rundo la Mwisho la Anselme

Nikutegee: mlango wangu hauna bawaba wala komeo, haufunguliwi, hubebwa wote ukaenda zake, ndipo watu waingie. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni rundo la mwisho la miganda ya ngano. Huku kwetu Beauce, kwenye nyanda za ngano, mwokota masuke yaliyodondoshwa na wavunaji hatii mguu shambani mpaka rundo hilo lipakiwe. Likiwa bado lipo, hata suke lililogusa kidole chako si lako.

Mwaka ule nilikuwa nimeolewa karibuni. Mama mkwe wangu Zélie alikuwa mjane, na mkate wake wa majira ya baridi ulikuwa masuke yale ya shamba la Anselme. Tukaketi kando ya shamba, magunia mapajani, mawingu yakijikusanya magharibi. Mvua ikiyawahi masuke, huota humo humo matopeni.

Na rundo limesimama tu. Mbele yake kakaa mchoraji, Bwana Kuwabara, Mjapani aliyepanga kwa fundi viatu. Alikuwa amemwomba Anselme aliache mpaka amalize kulichora, akamwahidi kumtia farasi wake pichani.

“Anselme,” mama akaita, “farasi wako atapendeza ukutani. Na sisi Januari tule picha yake?”

“Subira, Zélie. Sanaa hiyo.”

“Sanaa unaijulia wapi wewe? Kunawa tu kunakushinda.”

Mchoraji akageuka, anatabasamu. Kumbe alidhani tumekuja kumtazama. Alikuwa ametuchora na sisi, tumekaa vizuri kabisa.

“Akina mama, mmetulia sana,” akasema polepole. “Nawashukuru.”

Mama akainuka, akasimama ukingoni bila kuvuka. “Mwanangu, nikuulize. Huko kwenu, mpunga ukishavunwa, masuke yanayodondoka huwa ya nani?”

Alitazama magunia yetu, akatazama rundo, kisha viatu vya mama vilivyokomea pale majani yanapoishia. Akaweka brashi chini. Akamwendea Anselme, wakasemezana kidogo, mara farasi akafungwa kwenye mkokoteni. Mchoraji mwenyewe akavua koti akasaidia kupakia, na kila mganda wa pili ukamwangukia kichwani.

“Sasa farasi wangu?” Anselme akanung'unika. “Pichani hana hata mkia.”

“Ataishi bila mkia,” mama akasema. “Wewe si umeishi bila akili?”

Mkokoteni ukatoka, nasi tukaingia tumeinama. Masuke yalikuwa mengi mwaka ule, jamani, mpaka mgongo unauma kwa raha. Matone ya kwanza yakatukuta tunafunga midomo ya magunia.

Ndipo nikamwona mchoraji kachuchumaa kando ya mama. Alikuwa akiokota suke kwa suke, mabua yote upande mmoja, akifunga vishada kwa unyasi, vidole vyake vikienda vyenyewe. Akamwekea mama kishada gunia lilipobaki wazi.

“Uliniuliza kwetu huwa ya nani,” akasema bila kuinua kichwa. “Yalikuwa ya mama yangu.”