Harufu Niliyoiombea

Mume wangu alihamia kwenye kochi la sebuleni. Alisema mgongo unamuuma na godoro letu limebonyea. Nilinunua godoro jipya. Akalisifu, akarudi kwenye kochi.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu inataka kumkaribia mtu, kumzungushia futi shingoni, kumpima mabega. Nilianza kuona wateja wakigeuza nyuso kama watu wanaopita jalalani. Basi nikaacha kupima. Nikawa nawaambia waniletee nguo ya zamani inayowakaa vizuri, nikate kwa kuifuata. Mwalimu mmoja alileta gauni la kabla hajajifungua, na jipya likamkwama kiunoni. Hakunilaumu, ila hakurudi tena.

Nilipiga mswaki mara nne kwa siku. Nilitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Kisha nikaanza kufunga, siku tatu kila wiki, bila hata maji, nikimwomba Mungu anionyeshe dhambi ya ulimi wangu. Niliamini kinywa hakinuki bure. Niliwakumbuka wote niliowasengenya, nikaenda kuwaomba radhi mmoja mmoja, nao wakanisamehe haraka haraka, wakiwa wamesimama mbali.

Aliyesema ni wifi yangu peke yake. Alikuja kuchukua blauzi yake, akakaa mlangoni penye hewa.

"Wifi, niseme au ninyamaze?"

"Sema."

"Kinywa chako kinatisha. Na siku ukifunga ndiyo balaa kabisa. Kaka yangu atakufa na mgongo wake wa uongo, wewe utakufa na njaa, nani atanishonea? Nenda kwa daktari wa meno. Mungu hatakasirika."

Nilicheka, maana mawifi hutaniana, halafu nikalia juu ya blauzi yake.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mtulivu. Alimulika taa, akauliza meno haya mawili ya mbele huwa nayatoa saa ngapi kuyasafisha.

Sikuelewa mara moja. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimeyahesabu kuwa yangu. Nilianguka ngazini muda mfupi kabla ya kuolewa, nikawekewa mawili ya bandia yaliyoshikwa na kibao chembamba cha plastiki. Mama yangu alinionya nisiyatoe mbele ya mume hata siku moja, asije akanikinai. Nyumba yetu ni chumba na sebule, pa kujificha hakuna. Nikaona salama ni kutoyatoa kabisa. Niliyapiga mswaki yakiwa mdomoni.

Daktari alipoyatoa, ile harufu ilijaa chumba. Ufizi chini ya kibao ulikuwa mwekundu, unatoa usaha. Nilipomweleza kwa nini nafunga, alisema hiyo si dhambi, ni chakula kilichooza, na kukauka kwa kinywa siku za kufunga kumezidisha. Alinipa dawa ya kusukutua. Meno niyatoe kila siku ninapokwenda kulala, niyaloweke mpaka asubuhi, la sivyo nitarudi pale pale.

Njia nzima nilisali. Nilimkuta mume wangu kwenye kochi anakata kucha. Nikakaa chini mbele yake, nikayatoa, nikayaweka kiganjani, nikamweleza yote huku maneno yakivuja pengoni.

Alikitazama kiganja changu. Nilitegemea ageuze uso. Hakugeuza.

"Harufu ningeivumilia," akasema. "Nilidhani una ugonjwa unaonificha, nikakimbilia kochi maana niliogopa kuuliza nisije nikaambiwa unakufa. Kumbe ni hili. Miaka yote hii, mke wangu, ulidhani ningekufukuza kwa ajili ya meno mawili?"

Ndivyo nilivyodhani, kila siku.

Ufizi umepona. Napima wateja tena, na wifi amekaa karibu nami siku nzima bila kusogea. Dawa ikiisha mume wangu huniletea nyingine bila kuombwa. Lakini chumbani hajarudi. Nikimwita, hunijibu kwa upole kwamba harufu imekwisha ila kule kutomwamini miaka yote bado kunamuuma, nimpe muda, nami nampa.