Wajina Wangu wa Hekaluni

Gari lilituacha kwenye lango jekundu, pale mashamba ya viazi ya juu ya Endarasha yanapoishia na mlima kuanza. Kutoka hapo ni ngazi tu, za mawe meupe yaliyosuguliwa yakawa laini kama sahani. Muchiri, mwanangu wa pekee, alinibebea kikapu. Nilikuwa nimeweka nduma, viazi vitamu, na mbavu za mbuzi nilizozikausha kwa moshi wa jiko langu, maana msichana alizipenda tangu alipoota meno.

Msichana ni Wangui, binti ya Muchiri. Mimi pia ni Wangui. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, basi yeye ni mimi tena, na baba yake humwita "mami" kama anavyoniita mimi, ingawa yeye huniita cucu, yaani bibi. Muchiri hakupata binti mwingine. Nikifa, ni huyo tu atakayebaki akiitwa mimi. Hekalu la Wabuddha lilipofunguliwa, alikuja huku kuwapikia wageni. Mwaka jana akapiga simu, akasema harudi, amekuwa mtawa. Nilikuja kumchukua.

Huko juu kulikuwa na majumba mengi yenye paa zilizopinda pembeni kama ukingo wa kofia, nguzo za rangi ya damu ya mzee, na sanamu ya Buddha ya dhahabu ndefu kushinda mikaratusi yetu. Ua ulikuwa umefagiliwa, hata jani moja hulioni. Sijawahi kufika mahali pazuri hivyo, na nilipachukia.

Msichana alitoka mlangoni amevaa joho la kijivu, kichwa kimenyolewa chote. Mama zetu walinyoa hivyo kwa matanga.

"Nani amekufa?" nikamwuliza.

"Hakuna, cucu. Huku tunanyoa tu."

"Mami, tumekuja," Muchiri akasema.

"Baba, siku hizi naitwa Khema."

Muchiri akanitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyempa jina hilo.

Msichana alifunua kikapu, akapokea nduma na viazi vitamu, mbavu akazirudisha polepole. "Nyama hatuli, cucu."

"Ati hata mbavu? Wewe uliyekuwa ukimng'ata Kihara kwa sababu ya mfupa?"

Kihara ni kaka yake. Msichana alicheka, nikauona mwanya wa meno yake, ambao ni wangu.

"Wangui, twende nyumbani," nikasema. "Kitanda chako kiko. Ukitaka kuomba hivi vyenu, utaomba kwangu, sitakusumbua."

"Siwezi, cucu. Hapa niko na amani. Hilo jina mpeni mtoto mwingine."

"Mwingine yupi? Mama yako alishamaliza kuzaa. Kihara akipata binti, atampa jina la mama yenu. Na hata angezaliwa dada yako leo, jina la nyanya halirudiwi nyumbani mtoto aliyepewa kwanza akiwa hai. Unataka nikuzike kwanza?"

Alikuwa akitazama viatu vyangu, vile vya kanisa.

Mtawa mkuu akaja, mama mgeni mwenye uso wa huruma, akasema maneno marefu kwa lugha yao. Msichana akanitafsiria: anataka kuniwashia taa niishi miaka mingi, na anauliza jina langu.

"Si unalijua. Mwambie."

"Wangui," akasema, akininyooshea mkono, kama anayetaja jina la mtu waliyekutana naye asubuhi hiyo.

"Basi mwambie asiwashe."

Sijui alimwambia nini. Mtawa mkuu alitabasamu, akaenda kuwasha.

Nikachukua kikapu changu chenye mbavu. Msichana alitusindikiza mpaka penye ngazi. Nikasimama, nikidhani atanikumbatia. Akaunganisha viganja, akainama. Nyuma yetu walikuwa wamefika wageni wa Nairobi, wakipiga picha. Akawageukia, akaunganisha viganja, akawainamia vilevile.