Matundu Chini ya Paa

Jukwaa la miti lilikuwa likiyumba kila fundi lipu aliponyoosha mkono, naye alishazoea kuyumba nalo. Chini ya paa la ghala hilo kuukuu, lililokuwa likigeuzwa ofisi, palikuwa na matundu ya hewa, na karibu kila tundu lilikuwa na kiota cha mbayuwayu. Amri ilikuwa kuyaziba yote. Mgeni wa kuzindua jengo alikuwa anakuja kesho yake, na wapaka rangi walishaanza kununa kwa kumsubiri fundi amalize.

Fundi hakuwa na roho mbaya. Kabla ya kuziba tundu aligonga ukuta kwa mpini wa mwiko, akatega sikio. Kinda akilia, alikitoa kiota chote taratibu na kumpa Mama Pacha, mbeba ndoo wake, akakipachike darini mwa stoo. Tundu la mwisho aligonga, akagonga tena. Kimya. Akaziba, akalainisha, akashusha pumzi.

Mbayuwayu akarudi na mdudu mdomoni. Alijibamiza kwenye lipu mbichi, akazunguka, akajibamiza tena. Hapo ndipo vilio vilipoanza mle ndani.

"Fundi, mbona kunalia humo?" Mama Pacha aliuliza, amesimama kando yake jukwaani, ndoo bado ipo kichwani.

"Nimegonga mimi! Si umenisikia nikigonga?"

"Nimekusikia. Nao wamekusikia. Mtoto akibishiwa hodi na mtu asiyemjua si ananyamaza? Wangu ndivyo nilivyowafundisha, nikiwafungia ndani nikaja kazini."

Fundi akauinua mwiko kuikata lipu.

"Wewe! Unafanya nini hapo?" Msimamizi alikuwa chini, mikono kiunoni.

"Bosi, kuna makinda humu. Nachimba kidogo tu, naziba tena sasa hivi."

"Makinda wa nani?"

"Wa mbayuwayu."

"Mwambie alete hati ya nyumba."

Wapaka rangi wakaangua kicheko. Msimamizi hakucheka. "Gusa hapo uone. Utashuka na mwiko wako, uende zako. Mafundi wamejaa tele getini."

Hilo lilikuwa kweli. Kutoka juu pale aliwaona, wamechuchumaa na vifaa vyao kwenye mifuko. Fundi alikuwa akilala na mkewe na watoto sebuleni kwa shemeji yake, ambaye siku hizi alimjibu salamu bila kumtazama. Kazi hii ndiyo ingewapatia chumba. Akaushusha mwiko.

"Na huyo ndege mfukuze," msimamizi akasema. "Anachubua ukuta. Hushuki mpaka lipu ikauke."

 Mama Pacha aliitua ndoo, akaiacha palepale ikiwa imejaa, akashuka.

Fundi akavua shati, akaanza kulipunga. Mbayuwayu alikwepa, akaenda kutua kwenye waya, akarudi. Mdudu alikuwa bado mdomoni.

"Toka, mama," fundi alimwambia. "Toka, nakuomba."

Makinda walikuwa wamemsikia mama yao. Walilia kwa nguvu zao zote. Lipu ilikuwa imeanza kukauka pembeni, na fundi akapunga shati tena.