Skrubu Nne za Mzee Kumi

Baba yangu anaitwa Gebhard, lakini kijijini kwetu ukimuulizia Gebhard utaonyeshwa watu watatu. Muulizie Kumi, utaletwa moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu. Jina hilo alilipata mwaka 1984, alipokuwa mwalimu wa ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, na mshindani, kwa sababu alivikaza vifungio vya ski zake mpaka nambari kumi, na hakuna mwanamume mwingine wa bonde hili aliyethubutu. Wanaume wa kwetu wakikaa baa hawaulizani umri wala mshahara. Wanaulizana nambari. Upuuzi mtupu, na nimeishi nao tangu nizaliwe.

Nambari yenyewe ni jambo dogo. Kifungio kinashika buti kwenye ski, na ukianguka kinatakiwa kikuachie kabla mguu haujavunjika. Nambari ikiwa ndogo kinaachia upesi, ikiwa kubwa kinang'ang'ania. Mimi ndiye fundi wa duka la ski pale chini ya kanisa, mwaka wa kumi na tisa sasa, na jedwali liko ukutani mbele ya macho yangu: uzito, urefu, soli ya buti, namna unavyoteleza, na umri. Ukivuka hamsini, jedwali linakuteremsha. Halijali uliwahi kuwa nani.

Baba ana miaka sitini na sita.

Alikuja dukani wiki ya kwanza ya Januari, na nyuma yake marafiki zake wawili wa tangu shule, Meinrad na Serafin, ambao hawana kazi nyingine ila kumfuata na kumcheka.

"Burgi, nataka ski pana," alisema. "Pana kabisa, kama zile za vijana."

"Pana kiasi gani?"

"Milimita mia na ishirini na mbili."

"Baba, hizo ni za mtu anayeteleza kwenye theluji laini kama unga kutwa nzima. Hapa kwetu unga unaisha saa nne. Saa tano upepo umeshaweka gamba juu, na saa saba ni uji. Utazigeuzaje kwenye uji na hilo goti lako?"

"Goti langu halijakuomba ushauri."

"Litaniomba," nilimwambia.

Tulibishana nusu saa, na sitadanganya, nilifurahia. Mwisho nilimpa za mia na nane. Ncha zimepinda juu ili zisizame kwenye theluji laini, katikati ni ngumu na zina bati ndani ili zisitetemeke kwenye gamba, na urefu unampita kichwa kwa vidole vitatu. Alitaka vifungio nivirudishe nyuma sentimita mbili ili ncha zielee vizuri. Nikamwambia moja inatosha, ukizidisha, kwenye theluji ngumu ski haitakusikia. Alikubali. Alizishika ski kwenye jiliwa wakati natoboa matundu, akapuliza vumbi, akanipa skrubu mojamoja, nami nikatia tone la gundi kwenye kila tundu. Hatukuwa tumefanya kazi pamoja tangu mama afariki.

Halafu tukafika kwenye nambari.

"Sita na nusu," nilisema.

Alinitazama kama niliyemtemea mate. "Sita na nusu? Hiyo ilikuwa nambari ya mama yako, Mungu amrehemu."

"Mama alikuwa na akili."

"Na watu wataniitaje mimi? Mzee Sita na Nusu?"

"Nusu tu itatosha!" alisema Serafin, na Meinrad akacheka mpaka akashika meza. Kulikuwa na familia ya wageni pale inajaribu mabuti, nao wakacheka bila kujua wanachekea nini. Baba hakucheka. Alizigeuza hasira zake kwangu, kama kawaida yake.

"Miaka kumi na tisa unakaza skrubu, sasa umejiona daktari," alisema kwa sauti ya kusikika dukani kote. "Hujawahi kumwongoza hata mtu mmoja kushuka mteremko wa Hirschkar. Wewe unaishi kwa karatasi, Burgi. Mlima hauujui."

Ningeweza kumjibu. Ningeweza kumwambia ni wangapi wanatembea leo kwa miguu yao miwili kwa sababu ya karatasi hiyo anayoidharau. Nilikaza sita na nusu, mbele na nyuma, kulia na kushoto, nikaandika kwenye kadi, nikamsukumia kalamu. Alitia sahihi bila kusoma, akabeba ski zake, akaondoka bila kusema asante.

Sasa kuna desturi yetu. Theluji kubwa ya kwanza baada ya Sikukuu ya Wafalme, tarehe sita Januari, walimu wa ski wastaafu hushuka Hirschkar pamoja, na mkubwa wao wa umri hutangulia. Mwaka huu mkubwa alikuwa baba. Theluji ilianguka siku mbili mfululizo. Siku ya tatu asubuhi tulisikia baruti za kuporomosha theluji ya hatari zikilia huko juu, tukapanda na lifti ya kwanza. Mimi nilikwenda wa mwisho wao, kama ninavyokwenda kila mwaka, kwa sababu mimi ndiye mwenye mgongo wa kubeba mkoba wa dawa.

Juu kabisa, kabla hajashuka mtu, tunakaguana. Kila mmoja anamkagua mwenzake: kidude cha kifuani kinacholia ukifukiwa na theluji, kamba, mkoba, vifungio. Ukimaliza unampiga begani na kusema, "Uko sawa." Neno hilo kwetu si salamu. Ukilisema, umemdhamini mtu.

Mimi nilimkagua baba. Kidude kililia vizuri. Nikainama, nikapangusa theluji kwenye kidirisha cha nambari cha kifungio cha kulia.

Kumi.

Nikapangusa cha kushoto. Kumi. Skrubu zilikuwa na mikwaruzo mipya, ya bisibisi isiyo saizi yake. Alikaa gerejini, mzee mzima, akazizungusha zote nne kwa mkono wake, baada ya yote niliyomweleza.

Nilitakiwa kusema. Kukaguana maana yake ni hiyo tu, hakuna nyingine. Niliinua kichwa, naye alikuwa ameshaanza kuwasimulia wenzake hadithi yake ya 1984, mkono hewani, kifua mbele. Nikasikia tena, mlima hauujui. Nikasimama, nikampiga begani kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

"Uko sawa," nilisema.

Nilitaka aanguke. Si avunjike, Mungu ni shahidi wangu. Aanguke tu vibaya kidogo, ajae theluji mdomoni mbele ya Meinrad na Serafin, na kesho aje dukani kichwa chini. Hasira yangu asubuhi ile ilikuwa tamu, na niliilamba.

Alitangulia. Sehemu ya juu theluji ilikuwa ya magoti, kavu, haijaguswa na mtu, na baba alielea. Zile ski zilimbeba kama nilivyotaka zimbebe, ncha juu, hakuna papara, mzee wa miaka sitini na sita anachora kona ambazo vijana hawaziwezi. Meinrad alipiga mbinja. Nami nikazidi kukasirika, kwa sababu nilikuwa nimechagua sawasawa na yeye hatasema kamwe.

Tukapita mwamba. Hapo upepo ulikuwa umeshakaza gamba. Nililiona linang'aa, na nilijua. Ncha ya ski ya kushoto ilipasua gamba, ikazama chini yake na kukwama. Mwili wa baba uliendelea. Ski haikuachia. Kwa sita na nusu ingetoka hapo hapo, angebingirika, angetukana, basi. Kwa kumi ilibaki mguuni na mguu ukageuka nayo.

Sauti ya mfupa niliisikia kutoka mita thelathini.

Nilipomfikia alikuwa mweupe kama shuka. Hakuita Mungu wala mama yake. Alisema, "Burgi," mara moja, halafu akauma glavu. Nilikibonyeza kifungio kwa fimbo yangu ya ski kikaachia, nikamfunika, Meinrad akapiga simu, na helikopta ikaja baada ya dakika ishirini. Muda wote huo hakuniangalia usoni. Wala mimi sikumwangalia.

Siku mbili nilikaa nikisubiri lawama. Nilimjua baba. Kumi hawezi kuanguka kwa kosa lake mwenyewe. Atasema binti yake alikaza vibaya, na bonde zima litamwamini, maana yeye ni Kumi na mimi ni mkaza skrubu. Mwenye duka aliniomba ile kadi. Nilimpa nakala, yenyewe nikaiweka mfukoni, nikazitia ski begani na kupanda basi la kwenda hospitali bondeni. Njiani nilijipangia maneno. Yalikuwa makali, na yalikuwa ya kweli, ila moja sikulipanga.

Kwenye korido nilikutana na Meinrad na Serafin wanatoka.

"Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema Meinrad. "Sasa mkuu asiyesikia la mwanawe je?"

"Guu lilelile," alijibu Serafin.

"Amesema nini huko ndani?" niliuliza.

"Kasema yote," alisema Meinrad, na safari hii hakuwa anacheka. "Kamwambia daktari, kampigia simu na mwenye duka lako. Kwamba wewe ulikaza sawa, yeye ndiye aliyezungusha. Sijawahi kumsikia akisema amekosea, Burgi, na nimemjua miaka sitini."

Nilizipandisha ski begani vizuri, nikaingia na maneno yangu yote, hayana pa kwenda tena.

Baba alikuwa amelala, mguu wa kushoto juu ya mto, umefungwa, chuma ndani. Alionekana mdogo. Daktari alikuwa ameshamwambia kuwa atatembea, lakini kuteleza asahau.

"Umezileta za nini?" aliuliza.

"Nilikuja kugombana."

"Gombana basi. Nimekosea, mwanangu. Nimeshawaambia wote."

Nilizisimamisha ski ukutani. Bado nilikuwa na hasira, ila nilikuwa nimeshajua ni ya nani.

"Baba, niliona. Kule juu, nilipokukagua. Niliona kumi, zote mbili, na nikakwambia uko sawa."

Hakushtuka.

"Najua," alisema. "Nilikuona ukiona."

"Ulijua?"

"Nilisimulia ile hadithi ya 1984 mara mbili, Burgi. Nilikuwa nangoja useme. Ungesema mbele yao, ningebisha kidogo, ningekutukana, halafu ningeshusha nambari." Alinyoosha kidole kwenye mfuko wa plastiki pale mezani, ambamo wauguzi waliweka vitu alivyokuwa navyo siku ile. "Angalia humo."

Nilifungua. Saa yake, leso, funguo za nyumba. Na bisibisi, ile ya gerejini yenye mpini mwekundu, isiyo saizi yake. Alipanda nayo mlimani.

"Na wewe ungekufa kama ungeshusha mwenyewe bila kuambiwa?" nilimpigia kelele. Muuguzi alichungulia mlangoni. "Ungekufa?"

"Na wewe ungekufa kama ungesema?"

Nilizilaza ski sakafuni, nikapiga magoti, nikazungusha skrubu zote nne kwa bisibisi ile mbovu iliyokuwa inateleza kila mara, mpaka sita na nusu. Baba aliinua kichwa kutoka kwenye mto apate kuona.

"Cha nyuma kushoto bado kidogo," alisema.

Alikuwa sahihi. Nikakirudia.