Asante ya Shamba la Juu

Siku baba yao alipowagawia urithi, Shangazi ndiye aliyechagua kwanza, kwa kuwa alikuwa kifungua mimba. Akachagua shamba la chini, lenye udongo mnene na nyumba ndani yake. Kaka yake mdogo akabaki na la juu, la mteremko, lililochoka, akacheka tu: "Haya, mimi nitalima mawe." Aliyalima mawe hayo mpaka maradhi yakamchukua, akamwachia mke wake shamba na watoto watatu. Watoto hao ndio waliomwita Shangazi, na mtaa mzima ukalidaka jina hilo likawa lake.

Jina la wifi yake, Shangazi alilitunga mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa ujane wake, wakati kila mtu alipopanda mahindi juu ya mahindi kama kawaida, yule mama alipanda kunde. Msimu uliofuata akapanda mahindi, baada yake alizeti, kisha shamba zima akaliachia majani ya malisho, na mabua yake hakuyachoma wala kuyauza. "Mama Kunde huyo!" Shangazi alisema kwenye foleni ya bomba la maji, na watu wakashika mbavu kwa kucheka. Lilikuwa jina la kejeli. Lakini miaka ilipita, na sasa wanunuzi walikuja kutoka mbali wakiuliza kwa adabu zote, "Samahani mama, kwa Mama Kunde ni wapi?" Na kwa kuwa nyumba ya Shangazi ndiyo iliyokuwa njiani, ilimbidi awaelekeze yeye.

Roho ilimuuma. Kila asubuhi alipofungua dirisha la jikoni, kitu cha kwanza kumwingia machoni kilikuwa lile shamba. Mahindi yake yeye yalianza kuwa manjano kuanzia chini kabla hayajabeba; ya kule juu yalikuwa na kijani kizito. Mvua ikinyesha, maji yaliteleza juu ya udongo wake kama juu ya sahani na kukimbilia mtaroni, ilhali mteremko wa wifi yake uliyanywa yote. Alijiambia ni dawa. Mara akajiambia ni marehemu kaka yake aliyeacha mbolea ya siri. Aliponunua mbolea zaidi na mahindi yakazidi kudumaa, alijiambia kwamba Mungu ana upendeleo.

Kisha akaja mtaalamu wa udongo kutoka maabara, binti mwenye buti na sauti ya upole, na nyuma yake kundi la wakulima wageni. Alichimba shimo kwenye shamba la juu, akawaonyesha jinsi udongo ulivyokuwa mweusi na wa chengachenga, umejaa vitundu vya mizizi na minyoo.

"Kunde ina mizizi yake, alizeti ina yake inayokwenda chini sana, majani nayo yana yake," alisema. "Kila mmea unaacha kitu tofauti. Hewa ya ukaa ambayo majani yameivuta huku juu, mizizi inaishusha chini, na mabaki yake ndiyo yanayougandisha udongo hivi. Ukiacha kuuchokoza, unaihifadhi miaka na miaka. Ukilima sana kwa trekta unaufumua, na ile ukaa inarudi zake hewani."

Akaomba bonge moja la udongo kutoka shamba la jirani, walinganishe. Bila kujua jirani ni nani, mgeni mmoja aliruka mpaka wa mashamba akalichota kwa Shangazi, aliyekuwa amesimama pale pale na kanga yake nzuri. Mabonge mawili yakatumbukizwa katika glasi mbili za maji. La Mama Kunde likakaa kama lilivyo. La Shangazi likatoa mapovu, likasambaratika, na maji yakawa kama chai ya maziwa.

"Duh," mgeni mmoja alisema. Watu wakapiga makofi. Shangazi naye alipiga, kwa nguvu kuliko wote, na meno yake yote nje.

Kabla ya mvua za msimu uliofuata, binti mkubwa wa Mama Kunde alijifungua mjini, na mama akaenda kumwuguza. "Wifi, nitupie jicho huku," aliomba akiwa na begi begani. "Nenda salama, wifi. Nipo," Shangazi akajibu.

Trekta la kukodi lilipokuja, dereva alimaliza shamba la chini, akazima mashine na kujifuta jasho. "Na lile la juu, mama? Au mwenyewe hataki?"

Shangazi aliutazama mteremko. Baadaye alikumbuka vizuri kwamba alikuwa na nafasi ya kusema hapana.

"Lima," alisema. "Msaidie mjane wa watu. Na ushushe jembe chini kabisa."

Trekta likapanda mteremko. Lilipopita, udongo mweusi ulipinduka kama blanketi, na harufu yake ikateremka mpaka mlangoni. Yangeyange wakatua makundi kwa makundi nyuma ya jembe, wakila minyoo mpaka wakashindwa kuruka. "Shamba la mafuta hili!" dereva alipiga kelele kwa furaha. Shangazi alisimama kwenye mpaka akitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kifua chake kilikuwa chepesi.

Mama Kunde aliporudi, habari zilikuwa zimemtangulia. Majirani walimpokea njiani: "Una bahati wewe! Wifi kama huyu anatafutwa kwa tochi!" Alisimama ukingoni mwa shamba lake, begi bado begani, akaangalia matuta matupu yaliyokaushwa na jua. Kisha akageuka. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Asante, wifi," alisema.

"Usijali," Shangazi akajibu. Ile asante ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mvua ya kwanza ilikuja kwa hasira, mchana kweupe. Mteremko uliozoea kunywa ulitema. Maji yalibeba udongo uliofumuliwa, yakavuka njia, yakaingia jikoni kwa Shangazi na kujaza tope mpaka kwenye mafiga. Mvua ilipokatika, mtu wa kwanza kufika alikuwa Mama Kunde, koleo mkononi. Hakubisha hodi. Aliinama akaanza kuchota na kumwaga nje, na Shangazi akachukua karai akamsaidia. Walifanya kazi hadi sakafu ikaanza kuonekana.

"Huu ni udongo wangu," Mama Kunde alisema bila kuinua kichwa.

"Najua."

"Na yule binti wa maabara alipokuwa anasema usilimwe, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Kwa hiyo ulijua."

Shangazi aliweka karai chini. "Nilijua. Nilitaka liwe kama langu, basi. Mimi ndiye niliyechagua kwanza, wifi. Nilichagua zuri, nikawaachia mawe. Halafu kila siku nafungua dirisha…"

"Ungeniomba mbegu. Mbegu tu, na ningekuja kukuonyesha."

"Kuomba kulinishinda."

"Lakini wivu haukukushinda." Mama Kunde alijinyoosha, mkono kiunoni. "Sikiliza. Nilikupa asante mbele za watu. Nirudishie mbele za watu. Halafu nataka mabua yako yote ya msimu huu, usichome hata moja. Shamba langu liko uchi."

Ilimchukua Shangazi siku kadhaa kupata miguu ya kwenda bombani wakati wa foleni. Alipofika hakutua hata ndoo.

"Lile shamba la wifi yangu sikumsaidia," alisema. "Nilimharibia. Nilikuwa namwonea kijicho." Mtu mmoja alicheka akidhani ni utani, kisha akaona uso wake akaacha. Maji yaliendelea kujaza ndoo ya mtu mpaka yakamwagika.

Mavuno ya juu yalikuwa haba mwaka huo. Mtaalamu alipopima tena, alitikisa kichwa: kuna kilichosalia chini, alisema, lakini kilichopotea kwa siku moja kitarudi kwa miaka, na kwa mizizi tu. Shangazi alipandisha mabua kichwani, mzigo baada ya mzigo, wakati mwingine wifi yake akimpokea na wakati mwingine akipita kama hakumwona. Wivu wenyewe haukuisha. Siku mahindi ya juu yaliporudi kuwa kijani kabla ya yake, ulimchoma tena, naye akafunga dirisha akaenda kutafuta jembe la mkono.

Alipopanda kunde zake za kwanza, Mama Kunde alikuja akasimama mpakani, akatazama kwa muda mrefu.

"Umebananisha," alisema. "Zitanyimana hewa."

"Basi njoo unionyeshe."

Mama Kunde aliguna, akavua viatu, akaingia shambani.